Tusiipe Bahari Kisogo

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Nami naongeza kuwa kutembea kwingi pia ni kuona mengi, ingawa wakati mwingine mtu husafiri mbali sana ili akione kile alichokiacha mlangoni pake. Ndivyo yalivyonifika mimi. Nimesoma Kiswahili chuoni kwa miaka mitatu. Nimechanganua vitenzi hadi viambishi vyake vya mwisho, nimeghani mashairi katika makongamano ya chama chetu, na nimewasahihisha watu wengi waliosema 'nyumba kubwa hii yangu' badala ya kupanga maneno kwa utaratibu. Hata hivyo, upungufu mkubwa wa Kiswahili changu sikuugundua darasani. Niliugundua katika kijiji kidogo cha Amerika ya Kati, miongoni mwa watu wasiojua hata neno moja la lugha yetu.

Kijiji chenyewe ni Puerto Viejo de Talamanca. Kiko katika pwani ya Karibea ya nchi ya Kosta Rika, mkoani Limón, si mbali na mpaka wa Panama. Nilikuwa nchini humo katika mpango wa kubadilishana wanafunzi, na vyuo vilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2024 nikaenda kukaa kwa majuma sita na familia moja ya wavuvi. Huo ndio msimu ambapo vijana kutoka Marekani, Ulaya na Amerika ya Kusini humiminika pale, kila mmoja na ubao wake kwapani, wakifuata mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi. Mbele ya kijiji pana mwamba wa matumbawe, na juu ya mwamba huo huumuka wimbi mashuhuri liitwalo Salsa Brava. Ni wimbi zuri kulitazama na la hatari kuliingia, maana aangukaye huangukia matumbawe makali.

Mtu wa pwani yetu akifika kijijini humo hawezi kujihisi mgeni. Minazi imejipanga ufuoni. Wali na maharagwe hupikwa kwa tui la nazi. Samaki huchemshwa katika tui hilo hilo, pamoja na muhogo na ndizi, katika kitoweo kiitwacho rondón. Mimi, hata hivyo, ni mzaliwa wa bara. Kila alasiri nilijipumzisha chini ya mti mmoja wenye kivuli kipana pasi na kujua kuwa Waswahili huuita mkungu. Nilikaangiwa tunda nikalisifu kwa jina lake la Kiingereza, ilhali Kiswahili kinalo jina lake, nalo ni shelisheli. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwa aibu.

Yafaa kwanza nieleze historia ya mahali penyewe, kwa kuwa ndiyo inayoipa hoja yangu uzito. Katika karne ya 19, wavuvi wa kasa wenye asili ya Kiafrika walianza kufika katika pwani ya Talamanca kutoka upande wa Panama. Mwanzoni walikuja kwa msimu tu, kisha baadhi yao wakalowea. Kuanzia mwaka 1872 waliongezwa na watu wa Jamaika walioletwa Limón kujenga reli, na baadaye wengi wao wakafanya kazi katika mashamba ya ndizi ya kampuni ya United Fruit. Watu hawa walikuwa na lugha yao, krioli yenye msamiati mwingi wa Kiingereza, ambayo leo huitwa Mekatelyu, jina litokanalo na usemi wenye maana ya 'acha nikuambie'. Kwa lugha hiyo walizipa majina ghuba, rasi na vijito vyote vya pwani yao. Puerto Viejo iliitwa Old Harbour. Rasi ya Punta Uva iliitwa Grape Point, na ile ya Punta Mona ikaitwa Monkey Point. Mji wa Bribri uliitwa Fields.

Serikali ilipoimarisha Kihispania kuwa lugha ya taifa, majina hayo yalibadilishwa moja baada ya jingine. Mengine yalitafsiriwa tu na mengine yakafutwa kabisa. Wengi wa Waafrika wa Limón walipata uraia baada ya katiba ya mwaka 1949, na watoto wao wakaingia katika shule za Kihispania. Uraia ulikuwa haki yao na hakuna mwenye akili timamu anayeulaumu. Lakini pamoja na uraia ulikuja ujumbe kwamba lugha ya nyumbani ni Kiingereza kilichovunjika, lugha ya watu wasiosoma. Sisi tuliolelewa katika shule za Kenya tunaufahamu ujumbe wa aina hiyo. Wengine wetu tulivishwa kigae shingoni kwa sababu yake.

Hadi miaka ya 1970 kijiji hakikuwa kimeunganishwa na sehemu nyingine za nchi kwa barabara ya maana. Barabara ilipofika, ugonjwa wa kuvu ulishambulia kakao mwishoni mwa mwongo huo, na mazao yaliyowalisha wazee yakaangamia. Familia nyingi zikauza ardhi. Wageni waliokuja kuteleza mawimbini wakapenda mahali, na baadhi yao wakanunua viwanja. Leo ukipita katika barabara ya ufuoni utasoma mabango ya Kiingereza na Kihispania yanayotangaza vyumba, mbao za kukodi na masomo ya kuteleza. Bango la Mekatelyu ni nadra, na aghalabu huwa ni salamu ya kumfurahisha mtalii.

Katika nyumba niliyokaa, mabadiliko hayo yalionekana mezani. Babu alizungumza Mekatelyu. Binti yake alimjibu kwa lugha hiyo akichanganya na Kihispania. Mjukuu, kijana wa miaka 18 anayewafundisha wageni kuteleza, alimwelewa babu yake vizuri lakini alimjibu kwa Kihispania kitupu, kisha akatoka nje kuwahi wanafunzi wake na kuanza Kiingereza cha mchezo. Alijua majina ya sehemu zote za ubao na ya kila namna ya kugeuka juu ya wimbi, yote yakiwa maneno yaliyotungwa kwingine. Babu yake alikuwa na maneno ya bahari ile ile aliyoyarithi kwa wavuvi wa kasa. Vizazi viwili vilikuwa vikiishi kwa maji yale yale, lakini maneno hayakupita kutoka kwa kimoja kwenda kwa kingine.

Huenda msomaji akauliza, je, maneno yana faida gani ikiwa kijana anaijua bahari kwa mwili wake? Nami nilidhani hivyo hadi siku nilipoogelea katika ufuo wa Cocles, yapata kilomita mbili kutoka kijijini. Maji yalinifika kifuani, kisha ghafla nikahisi ninavutwa kuelekea kilindini. Kijana yule alipiga kelele kutoka ufuoni: 'Resaca! Resaca!' Nilikuwa nimejifunza Kihispania cha darasani, lakini neno hilo sikulijua. Nilipigana na maji kwa nguvu zangu zote nikielekea nchi kavu, jambo ambalo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Alinifikia akiwa juu ya ubao wake, akanishika mkono na kunivuta kwa upande, sambamba na ufuo, hadi tukatoka katika mkondo. Baadaye alinieleza kuwa resaca ni ule mkondo unaorudisha maji baharini baada ya mawimbi kuvunjika, na kwamba ukikuvuta huupingi bali unauvuka kwa ubavu. Neno moja tu, lau ningalilijua, lingalinionya na kunielekeza kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo sijaamini tena kuwa msamiati wa bahari ni pambo la washairi.

Jioni hiyo mzee mwenyeji wangu alinitania kwa jambo hilo, halafu akaniuliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya. Siku ya kwanza nilikuwa nimejigamba mbele yake kuwa nasomea lugha ya pwani, lugha ambayo jina lake lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Sasa akataka kujua: je, watu wa lugha yangu wanauitaje ule mkondo? Maji yanapojaa sana na kupwa sana, wanasemaje? Upepo wa asubuhi utokao nchi kavu una jina gani? Nikamjibu 'mkondo'. Nikamjibu 'maji kujaa na kupwa'. Nikamjibu 'upepo wa asubuhi'. Mzee alitikisa kichwa kwa upole. Hakusema neno, lakini nilijua kuwa ameelewa. Hakuwa akizungumza na mtu wa pwani. Alikuwa akizungumza na mtu aliyesoma kitabu kuhusu pwani.

Usiku nilimpigia simu mwenzangu wa darasa, mwenyeji wa Vanga, ambaye baba yake ni mvuvi. Nilipomweleza swali alicheka.

'Maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo? Hayo si ndiyo bamvua! Na yakiwa madogo ni maji mafu. Umesoma miaka mitatu huna bamvua?'

Kisha akanipa umande, akanipa matlai, akanipa maleleji na tanga mbili, majina ya pepo na ya majira ambayo pepo hubadilika. Aliyatoa kwa wepesi, kama mtu anayetaja majina ya nduguze. Kesho yake nilimpelekea mzee maneno hayo. Kilichomshangaza zaidi ni bamvua. Katika bahari ya Karibea ya upande ule, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Nilipomwambia kuwa Mombasa tofauti hiyo hupita mita tatu wakati wa bamvua, na kwamba maji yakipwa wanawake hutembea kwa miguu hadi mwambani kusaka pweza, aliniomba nirudie. Alisema sasa anafahamu kwa nini watu wetu walihitaji neno hilo. Mvuvi huyu, ambaye hajawahi kuiona Afrika, alikuwa amegundua katika dakika moja uhusiano wa lugha na mazingira ambao mimi niliukariri kwa ajili ya mtihani wa isimujamii.

Mpenzi msomaji, sisimulii haya ili kujidharau. Nayasimulia kwa sababu naamini kuwa sikuwa peke yangu. Kiswahili kimeenea bara, kimevuka mipaka, na kwa katiba ya mwaka 2010 ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini katika kukipandisha bara tumeipa bahari kisogo. Twasema kila siku kuwa mambo yameenda mrama, na wachache miongoni mwetu wanajua kuwa mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi ubavuni. Wanahabari wetu hung'oa nanga kila kongamano linapoanza, ilhali hawajawahi kuigusa nanga. Twamfundisha mwanafunzi ushairi wa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya karne ya 18 na ya 19, na tunampa faharasa ya maneno magumu ayakariri. Maneno hayo yalikuwa magumu lini? Yalikuwa maneno ya kila siku kwa watu waliosubiri kaskazi iwaletee wageni na kusi iwarudishe.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kuwa lugha hubadilika, na neno lisilohitajika hufa kifo cha halali. Mwanafunzi wa Kakamega ana haja gani ya foromali? Nakubali kuwa hatuwezi kulifufua kila neno. Lakini wavuvi wa Vanga, Gazi na Pate wangali baharini leo. Vijana wa Diani na Watamu wanaowafundisha wageni kuteleza kwa ubao uliofungwa tiara wanazitegemea pepo zile zile za kaskazi na kusi. Haja ipo. Kilichokatika ni kamba kati ya wenye maneno na wenye kuandika vitabu.

Wa pili watasema kuwa maneno haya yamo kamusini, kwa hivyo hayajapotea. Ni kweli kuwa baadhi yamo, na tuwashukuru waliofanya kazi hiyo kabla yetu. Lakini neno lililobaki kamusini tu ni kama ngalawa iliyokokotwa pwani ikaachwa juani: ina umbo la chombo, lakini mbao zimepasuka. Fauka ya hayo, yako mengi yasiyomo. Majina ya milango ya mwamba, ya mafungu ya mchanga na ya maeneo ya kuvulia, katika Kivumba, Chichifundi, Kiamu na Kibajuni, yamo vinywani mwa wazee. Ufuo unapouzwa na kupewa jina la hoteli, jina la zamani halifutwi kwa amri ya serikali kama ilivyokuwa Talamanca. Hufa kwa kukosa mtu wa kuliita.

Kuhusu hili Talamanca inatupa mifano miwili. Wa kwanza ni wa kuhuzunisha. Katika kijiji jirani cha Cahuita aliishi Walter Ferguson, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za kalipso, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2023. Kwa miaka mingi alijirekodi mwenyewe nyumbani kwa kinasasauti na kuwauzia watalii kanda. Kila kanda aliirekodi upya, wala hakubaki na nakala. Nyimbo zake zikasambaa Ulaya na Amerika katika mikoba ya wageni, hata baadaye watu wakalazimika kuzisaka kanda hizo dunia nzima ili kuzirejesha. Zilizopatikana zilipatikana. Mfano wa pili unatia moyo. Mnamo mwaka 1977 Mmarekani Paula Palmer, aliyekuwa akiishi pwani hiyo, alichapisha kitabu kiitwacho What Happen, kinachosimulia historia ya Talamanca kutokana na maelezo ya wazee wenyewe. Asilimia kubwa ya yale niliyoyaandika hapo juu kuhusu majina ya kale hayangejulikana kwa mapana bila kazi za aina hiyo. Wazee wale wameshazikwa wengi wao, lakini sauti zao zipo.

Je, twasubiri mgeni aje kuyakusanya maneno ya Vanga? Sina chuki na wageni, na waliotuhifadhia nyaraka zetu tunawadai shukrani. Hata hivyo, ni jambo la kufedhehesha kuwa na idara za Kiswahili, vyama vya wanafunzi na makongamano ya kila mwaka, kisha tukaachia kazi hiyo mtu ambaye lazima kwanza ajifunze kusema 'hujambo'.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu ziifanye kazi ya nyanjani pwani kuwa sehemu ya masomo, si safari ya matembezi ya siku mbili ambayo huishia Ngome ya Yesu na kupiga picha. Mwanafunzi akae na familia ya wavuvi kwa majuma mawili, ashuke nao maji yakipwa, na arudi na orodha ya maneno aliyoyasikia yakitumiwa kazini. Pili, jarida hili litenge kurasa chache katika kila toleo kwa ajili ya orodha hizo. Kila neno liandikwe pamoja na mahali liliposikika, na mzee aliyelitoa atajwe kwa idhini yake na aletewe nakala ya toleo. Tusirudie kosa la kanda za Ferguson, la kuchukua bila kuacha nakala. Tatu, tushirikiane na vijana wa ufuoni katika kuunda istilahi za michezo ya bahari na maonyo ya usalama. Hadi leo sina neno moja la Kiswahili la resaca ninaloweza kulipigia kelele mtu anayezama. Pengine lipo Kizingitini au Shimoni, nasi hatujaliuliza. Kama halipo, wa kuliunda ni wale waokoaji wa watu, nasi tuwasaidie kulieneza. Istilahi isiyozaliwa ofisini ina nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Siku niliyoondoka Puerto Viejo, yule kijana alinisindikiza hadi kituo cha basi. Njiani alinionyesha rasi moja, akaitaja kwa jina lake la Kihispania. Kisha akasita, akaniambia kuwa babu yake anaiita kwa jina jingine, na kwamba atamwuliza. Sijui kama alimwuliza. Ninachojua ni kwamba mimi, niliporudi, sikupitiliza moja kwa moja hadi bwenini. Nilishuka Mombasa, nikapanda matatu ya Lungalunga, na mwenzangu akanipokea kwao Vanga. Ilikuwa mwezi mwandamo. Baba yake alinichukua ufuoni, akanyoosha kidole kule maji yalikokimbilia, na kabla hajasema lolote nikamwambia, 'Bamvua, baba.' Alinitazama, akatabasamu, akasema, 'Naam. Na pale je, panaitwaje?' Hapo nilitoa daftari langu.